Usikimbilie "Kubali Yote"

Ijumaa, siku yetu ya kupumzika, tunashika simu kuangalia reti ya riali kabla ya kwenda Ruwi kutuma pesa. Reti haijatokea, kinatokea kisanduku: "Kubali vidakuzi vyote." Tunabonyeza tu. Nani ana muda, na bando linaisha?

Sisi tunasema tusikimbilie. Vidakuzi, au kuki, ni faili ndogo ambazo tovuti inaziacha kwenye simu yako. Zipo za lazima, zinazokumbuka kwamba umeshaingia kwenye akaunti. Zipo na za kukufuatilia, ndiyo maana ukitafuta mkopo leo, matangazo ya mikopo yanakuandama wiki nzima. Hizo kwa kawaida unaweza kuzikataa, na reti ukaiona vilevile.

Oman ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, Amri ya Sultani namba 6 ya 2022, inayotaka mtu aombwe ridhaa kwanza. Lakini ridhaa gani hiyo, "Kubali" ikiwa kubwa ya kijani na "Kataa" imefichwa chini kwa maandishi ya sisimizi?

Kinachotutia hofu zaidi ni simu ya kuazima. Mwenzako kambini anakupa yake, au dada wa nyumbani anatumia tableti ya mtoto wa bosi. Ukifunga ukurasa bila kutoka kwenye akaunti, kuki inabaki, na anayefuata anaweza kukuta salio lako wazi. Bonyeza "Toka", halafu ingia kwenye mipangilio ufute historia na vidakuzi. Ukiweza, fungua dirisha la faragha tangu mwanzo.