Hojaji Haifasiriwi Ndani ya Matatu

Kuna dhana iliyoota mizizi katika vyuo vyetu kwamba afya ni mali ya wanasayansi na lugha ni mali yetu sisi wa Kiswahili, na kwamba makundi haya mawili hukutana tu kwenye foleni ya chakula. Nakusudia kuipinga dhana hiyo, mpendwa msomaji, na shahidi wangu ni hojaji.

Mwaka 2004, Wizara ya Afya ya Kenya, kwa ushirikiano na kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti maradhi, ilianzisha mpango wa miaka miwili wa kuwafunza wataalamu wa epidemiolojia na wa maabara. Mwenendo wa masomo hayo ni ule wa mwanagenzi na fundi wake. Mwanafunzi wa uzamili hukaa darasani kwa takriban robo ya muda wake, na muda uliosalia huwa nyanjani, akichunguza mikurupuko halisi ya maradhi na kuandika ripoti zinazongojewa na watu wenye maamuzi ya kufanya. Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa kimetangulia mwaka 1994, kwa shahada ya afya ya umma iliyofuata mkabala wa shule isiyo na kuta. Sina ugomvi na mkabala huo. Kusema kweli, nawaonea wenzetu wivu.

Mwaka uo huo wa 2004, sumukuvu iliwavamia watu wa Makueni, Kitui na maeneo jirani kupitia mahindi yaliyoota kuvu. Kufikia Julai, wagonjwa 317 walikuwa wameorodheshwa, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua, wakabaini kwamba kuyahifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba ya kulala kulihusiana na ugonjwa huo. Maabara iliweza kupima sumu katika punje na katika damu. Lakini mahindi yalianikwa siku ngapi, yaliingizwa ndani lini, na yaliwekwa chumba gani? Mambo hayo hayakuwa na njia nyingine ya kujulikana ila kumwuliza mwenye nyumba, naye aliyeulizwa pengine alikuwa ametoka makaburini.

Rafiki yangu mmoja anayesomea afya ya umma aliwahi kunigongea mlango usiku, hojaji ya Kiingereza mkononi, akitaka niifasiri kabla ya saa kumi na moja alfajiri, wakati wa kuondoka kwao. Swali la nne lilitaka kujua kama mhojiwa alikuwa amepatwa na joto jingi mwilini katika wiki mbili zilizopita. Niliandika upesi: "Je, umekuwa na homa?" Nikajiona nimemaliza. Ilikuwa kesho yake, nikipiga mswaki, nilipotanabahi kosa langu. Kwa Wakenya wengi, mwenye homa ni mtu anayepiga chafya na kutokwa na kamasi. Kwa wengine homa ni malaria, basi. Wapo pia wanaoiita homa kila hali ya mwili kukosa raha. Neno moja lilikuwa limebeba maradhi matatu, na kila jibu la "ndiyo" lingehesabiwa kana kwamba wote wamejibu swali lilelile.

Hili si jambo la mzaha. Huko Bagamoyo, Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wazazi wengi waliitenga degedege na homa ya malaria. Homa ya malaria ilipelekwa hospitalini. Degedege, iliyohusishwa na pepo mwenye umbo la ndege, ilipelekwa kwanza kwa mganga, ilhali mara nyingi ilikuwa malaria kali iliyopanda kichwani mwa mtoto. Daktari aliyehubiri juu ya malaria mchana kutwa alisikilizwa kwa heshima, kisha mzazi akarudi nyumbani bila kuambiwa lolote kuhusu degedege.

Yupo atakayesema kwamba wasaidizi wa utafiti ni wenyeji na watajifasiria wenyewe. Naam, hujifasiria, ndani ya matatu, kila mmoja kwa namna yake, na hapo ndipo takwimu zinapoharibika kabla hazijakusanywa. Mwingine atasema kuwa bibi wa Makueni haulizwi kwa Kiswahili bali kwa Kikamba. Nakubali kabisa. Tusijidanganye kwamba Kiswahili kinatosha kila kijiji. Hata hivyo, Kikamba chake nacho kinahitaji mtu aliyefunzwa kupima maana ya neno kabla ya kulichapisha, na ufundi huo ndio tunaodai kuusomea.

Lakini je, twautumia? Rafu za maktaba yetu zimesheheni tasnifu za uzamili kuhusu maudhui katika riwaya zilezile tano. (Yangu imo njiani kujiunga nazo, kwa hivyo sijitoi lawamani.) Ni wangapi miongoni mwetu wamewahi kuichukua hojaji ya afya, wakaifasiri, wakampa mwingine airejeshe katika Kiingereza bila kuona nakala ya kwanza, kisha wakaketi na akina mama kumi kusikia walichoelewa? Tasnifu ya namna hiyo ingewafaa wanagenzi wa epidemiolojia, nao wangetufunza kutoka darasani. Idara mbili zinaweza kuanza kwa kutia sahihi barua moja: kila kundi linaloenda nyanjani liandamane na mwanafunzi mmoja wa uzamili wa Kiswahili au wa lugha ya eneo hilo, na kazi yake itahiniwe.

Hojaji ile ningali nayo. Swali la nne sasa linasema: "Katika wiki mbili zilizopita, je, mwili wako ulikuwa moto kuliko kawaida?" Jirani yangu wa Kisumu amelielewa. Shangazi yangu wa Kwale aliniuliza kama ninamzungumzia jua.