Trela la mkonge lisirudi tupu

Anayepita Hale au Ngomeni, mkoani Tanga, siku korona ya kuchakata majani ya mkonge inapofanya kazi huipata harufu kabla hajauona mtambo. Sisi mafundi tuliizoea. Wake zetu hawakuizoea kamwe.

Harufu hiyo ina hesabu yake. Katika jani la mkonge, singa, yaani nyuzi ndefu zinazouzwa, ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Tani moja ya singa huacha nyuma tani 24 hivi za maji, machicha na nyuzi fupi. Serikali ilipoweka lengo la tani 120,000 za singa ifikapo 2025, tulisikia habari za miche, mashamba na korona mpya. Makapi ya karibu tani milioni tatu hayakupata msemaji.

Wala si kwamba hayafai kitu. Pale Hale, kampuni ya Katani na UNIDO, shirika la viwanda la Umoja wa Mataifa, walijenga mtambo wa kuchachusha makapi hayo kuwa gesi ya kuendesha jenereta ya umeme. Ila mtambo wa aina hiyo unadai mtaji, na wakulima wadogo wa ushirika hawawezi kuusubiri. Waanzie kwenye mdomo wa korona.

Desturi yetu ni kufungulia maji yasukume kila kitu mferejini. Kwa fundi ni raha: mashine haizibi. Lakini machicha yaliyokuwa yanabebeka kwa koleo hugeuka tope linalowasha ngozi, na mfereji huishia mtoni. Punguza maji, weka wavu chini ya mashine, nyuzi fupi zianikwe. Mafundi wa dari za jipsamu wanazihitaji.

Machicha yarudi shambani. Mkonge hula chokaa ya udongo kuliko watu wanavyodhani, na watafiti waliopima mashamba ya zamani ya Tanga wamekuta udongo uliochoka na wenye tindikali. Tangu Mjerumani Hindorf alete miche ya kwanza ya mkonge mwaka 1893, tumekuwa tukivuna rutuba ya shamba na kuimwaga mtoni, kisha tunashangaa mkonge umedumaa. Machicha yalundikwe kwanza yaoze, maana mabichi yana ukali wake.

Meneja atauliza dizeli ya kuyabeba itatoka wapi. Namwuliza nami: trela lililoleta majani asubuhi linarudi shambani na nini? Linarudi tupu, siku zote, na dizeli yake imeshalipwa. Kinachobaki ni vibarua wa kupakia, gharama ambayo meneja haioni kuwa ya lazima kwa sababu mto haumletei ankara. Wanaolipa ni akina mama wa bondeni wanaochota maji hayo.

Kwa hiyo Bodi ya Mkonge na baraza la mazingira, NEMC, wakubaliane jambo moja: korona mpya isiwashwe, iwe ya kampuni au ya ushirika, mpaka mwenyewe aonyeshe lundo la makapi litakaa wapi na nani atalibeba.