Kodi Inayokula Dhahabu: Barua kwa Watu wa Shelui

Ndugu zangu wa Shelui,

  

Nawaandikia kutoka Birmingham, Uingereza, kuhusu maneno yaliyozuka kwenye kundi letu la WhatsApp baada ya mwenzetu kutuma picha ya maghorofa ya huku. Mmoja alisema hizo ni nyumba za serikali, watu wanakaa bure, ndiyo maana hawaendelei. Wengi mkamuunga mkono. Jambo hili linaniuma, na ni kubwa kuliko ujumbe wa simu.

Nyumba hizo ni za halmashauri, au za kaunsili kama tunavyoziita Waswahili wa huku, nazo zina kodi. Asiye na kipato husaidiwa kuilipa, lakini msaada huo hupatikana hata kwa aliyepanga kwa mtu binafsi. Tofauti ni kwamba kodi ya kaunsili mara nyingi ni kama nusu ya kodi ya mtaani, na mpangaji hatolewi kwa kuwa tu amejitokeza mwenye hela zaidi. Jirani yangu ni mama wa watoto watatu, anasafisha ofisi usiku. Wanawe hawajahama shule tangu waanze darasa la kwanza. Wenzao ambao wazazi wamepanga kwa watu binafsi huweza kulazimika kuhama mara kwa mara, na kuanza upya na mwalimu asiyewajua. Mimi humwona mama yule asubuhi akiwafunga watoto vifungo vya makoti kabla hajalala, na sioni uvivu popote.

Tena nyumba hizi hazikuanza kama makazi ya maskini. Sheria ya 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ndiyo iliyozisukuma halmashauri kujenga kwa wingi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, karibu theluthi moja ya kaya za Uingereza ziliishi humo: madereva wa basi, mafundi, makarani, wauguzi. Mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher ikawapa wapangaji haki ya kuzinunua kwa punguzo kubwa. Karibu milioni mbili zimeuzwa England peke yake, zile nzuri zenye bustani zikitangulia, na ujenzi mpya ukadorora. Leo zaidi ya kaya milioni moja zinangoja, na zilizobaki hupewa aliyezidiwa kuliko wote: mgonjwa, mlemavu, mama aliyekosa pa kulala na wanawe. Mkiona umaskini kwenye maghorofa yale, jueni uliingia kwa mlango huo. Kuta hazikuuzaa.

Nasi nyumbani tumepita njia inayofanana na hiyo. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa 1962, Uhuru ukiwa bado mbichi, likaanza Dar es Salaam kwa kuondoa vibanda na kujenga nyumba za bei nafuu. Benki ya Nyumba iliyokuwa ikikopesha ikafa 1995. Kuanzia 2002 serikali ikauza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi. Aliyehamishiwa kituo baadaye akakuta nyumba ya kazi imeshakuwa mali ya mtu. Familia 644 za Magomeni Kota, Dar es Salaam, zilibomolewa nyumba zao, zikasubiri takribani muongo mzima hadi maghorofa mapya yalipofunguliwa Machi 2022.

Mtaniambia Shelui kila mtu anajenga yake. Ni kweli kwa mwenye ukoo na eneo. Nyumba ya tembe ikianza kuvuja masika, vijana wa ukoo wanapanda juu na udongo, shughuli inaisha jioni kwa chakula. Lakini chini ya Mlima Sekenke, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za Mjerumani, na kando ya barabara ya Singida kwenda Nzega, kuna watu wasio na ukoo hapo. Kijana anayechimba dhahabu duarani, mama ntilie wa stendi, mwalimu aliyeripoti juzi. Chumba chao ni kitanda, ndoo mbili, bati lisilo na dari linalochoma kuanzia saa nne asubuhi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kijana akipata mgawo wake kwenye karasha la kusagia mawe, fedha inapita mikononi mwake na kwenda kwenye kodi kabla hajanunua hata shuka. Asipopata, anakopa kwa mnunuzi wa dhahabu, na mzigo ujao unakuwa umeshauzwa ungali chini ya mwamba. Mwalimu naye akishindwa anaomba uhamisho, na darasa linabaki na watoto wetu peke yao.

Ninachoomba ni hiki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Mkutano mkuu wa kijiji utenge kiwanja cha kijiji kwa ajili ya vyumba vya kupangisha, walimu na wauguzi wakitangulia, kodi ilipwe mwezi kwa mwezi, na makusanyo yatumike kukarabati na kuongeza vyumba. Kwenye muhtasari iandikwe wazi kwamba vyumba hivyo haviuzwi, hata kwa diwani, hata kwa sisi tunaochangia kutoka nje.

Na sakafu ziwe za saruji. Jimbo la Coahuila, Mexico, lilianza mwaka 2000 kuwawekea maskini sakafu za saruji badala ya udongo, na watafiti walipowapima watoto wadogo walikuta minyoo, kuhara na upungufu wa damu vimepungua. Wenye tembe nao wafikiriwe hapo; hawahitaji ghorofa, wanahitaji mifuko ya saruji na fundi.

Sisi wa huku tuliozoea kutuma fedha za majumba yanayolala tupu mwaka mzima, tuko tayari kuchangia vyumba vya kwanza. Mwenyekiti wa kijiji akishaitisha mkutano, tumeni muhtasari wenye sahihi, ramani ya kiwanja na bei ya saruji hapo Shelui, siyo ya Singida mjini.