Kasuku mwenye taa

Juma hili kijana wangu wa miaka 9 alinililia kasuku. Alikuwa amecheza kwenye telefone ya mjomba wake mchezo wa zamani, Donkey Kong Country, uliotoka mwaka 1994. Humo kuna kasuku wa kijani, Squawks. Kazi yake ni ndogo: kwenye pango lenye giza anaruka karibu na sokwe akiwa na taa, anammulikia njia, basi. Ila mtoto alimpenda kuliko sokwe mwenyewe. (Nami pia, nisifiche. Jioni zetu za giza hapa Simi-Simi mnazijua.)

Siku ya pili akapita muuzaji na kikapu: kasuku watatu wa kijivu, mkia mwekundu, mabawa yamekatwa. Mtoto akanivuta kitenge.

Nilikataa, nikamweleza. Hawa wananaswa porini kwa gundi kwenye matawi, na wengi hufa kabla ya kuuzwa. Kasuku hutaga mayai machache tu, ndani ya shimo la mti mkubwa. Akifungwa anaweza kuishi miaka 40 kwenye kona ya nyumba. Tangu Januari 2017 mkataba wa CITES unakataza kuwauza nchi za nje wale wa porini. Na tukinunua kwa huruma, kesho muuzaji analeta watano.

Hakuridhika. Akauliza, “Sasa mama, nani atatumulikia?”

Nimemnunulia tochi. Jumapili alfajiri tutashuka mtoni kuangalia kama kundi litapita. Mwenye kutaka kuja na wake, aje.