Wembe wa bluu haukatai mguu wa mwanamke

KAULI YA JUMA
Na Rehema Kilindo

Jumamosi nilisimama katika duka moja la vipodozi, mkononi nina mashine mbili za kunyolea: moja ya bluu, moja ya pinki. Kila moja ina nyembe mbili, mpini ni uleule, kiwanda kilekile. Ya bluu shilingi 1,500. Ya pinki 2,000. Nilipoirudisha ya pinki, kijana wa kaunta akanionya kwa upole, "Dada, hiyo ya kiume."

"Wembe unajuaje?"

Akacheka tu. Simlaumu, anauza alicholetewa. Wanaochagua rangi wako mbali. Mwaka 2015 idara ya walaji ya jiji la New York ililinganisha bei za bidhaa karibu 800, ikakuta za wanawake zimezidi kwa wastani wa asilimia 7, na kwa vitu vya usafi wa mwili asilimia 13. California imepiga marufuku mchezo huo tangu Januari 2023. Na BIC, mwaka 2012, walichekwa mtandaoni kwa kuuza kalamu maalumu za wanawake. Kalamu!

Utaniambia kanga ni ya mwanamke na kofia ya kiua ni ya mwanamume, ubaya uko wapi? Haupo. Kanga si kofia iliyopandishwa bei. Ubaguzi ni pale kitu kilekile, cha mwanamume kinapoitwa cha kawaida, halafu mimi nikatozwa nyongeza kwa kuwa mwanamke.

Kwetu mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi. Akaoga baba, akaoga mama, tukaoga watoto sita. Leo mdogo wangu wa kiume hagusi losheni isiyo na chupa nyeusi, eti ile ya maua si ya wanaume. Ngozi yenyewe ni hii hii kavu ya ukoo wetu. Naye analiwa, ila hajui.

Tena taulo za kike, ambazo kweli ni zetu peke yetu, Tanzania iliziondolea VAT mwaka 2018, ikairudisha 2019 kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Nafuu ilipotoka serikalini haikutufikia. Pinki ikiongeza bei, tunaikuta rafuni asubuhi yake.

Nilichukua ya bluu, nikalipa 1,500. Inanyoa vizuri.