GHARAMA ISIYOKUWA NA RISITI



Mwezi uliopita mwenzetu wa yadi, ambaye kazi yake ni kufunga mabehewa, aliandikiwa barua ya onyo kwa kuchelewa mara tatu. Wengine walidhani ni pombe. Tulipomwendea nyumbani tulimkuta akimgeuza mwanawe kitandani. Kijana ana miaka 13 wala hawezi kujigeuza mwenyewe. Baba huamka kila baada ya muda usiku kucha, na alfajiri ashike njia ya kazini.

Ugonjwa huo huitwa Duchenne, jina la daktari wa Ufaransa aliyeueleza katika miaka ya 1860. Ni adimu, na karibu wote unaowashika ni wavulana. Mtoto huanza kuangukaanguka na kushindwa na ngazi. Akikaribia miaka 12 miguu haimbebi tena. Baadaye misuli ya moyo na ya kupumulia nayo hudhoofika. Si uchawi wala si kosa la mama (maneno hayo tumeyasikia, na yatosha). Dawa ya kuuponya haijapatikana, ila viko vidonge vya prednisolone ambavyo huupunguzia mwendo.

Mtu akisikia gharama hufikiri dawa. Kumbe vidonge hivyo ndivyo rahisi kuliko yote. Lakini humtia mtoto njaa, na akinenepa ni nani atakayembeba? Kwa hiyo yampasa mboga na mayai, si kushibishwa ugali tu. Mama aliacha meza yake ya sokoni ili ampeleke mtoto shule mgongoni. Mapato yale yamekwisha, wala hakuna hospitali iliyoyatolea risiti. Walikaa ghorofa ya tatu, wakahamia chini kwa kodi kubwa zaidi. Siku ya kliniki utingo wa matatu hudai nauli ya watu wawili kwa sababu ya kile kiti cha magurudumu. Na kiti chenyewe, mtoto akikua, hakimtoshi.

Tangu Oktoba 2024 sisi sote hukatwa shilingi 2.75 katika kila mia ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Hatulalamiki, bima ni jambo jema. Lakini haimrudishii mama meza yake. Sheria ya Ajira ya 2007 hutupa angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, ila mgonjwa awe mfanyakazi mwenyewe. Mwenzetu hana ugonjwa. Basi hula likizo yake ya mwaka kwa kwenda kliniki, nayo ikiisha hukatwa siku.

Waajiri watasema watu wa namna hii ni wachache. Naam, ni wachache, na kwa hiyo kuwasaidia hakutawafilisi. Tena mtu ambaye hakulala, akisimama katikati ya mabehewa, ni hatari kwa yadi nzima. Jambo hilo walipaswa kuliona kabla yetu.

Katika mazungumzo ya mkataba ujao tutadai likizo yenye malipo kwa mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, na ruhusa ya kubadilishana zamu bila barua za onyo. Mwenye shida kama hii amwone katibu wa tawi kabla ya mkutano, aje na hesabu ya nauli, kodi na siku alizokatwa. Jina lake halitatajwa.

Barua ya mwenzetu tumekwisha kuijibu. Jawabu bado halijafika.