Hiyo si Skramu, hiyo ni kuita rejista

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuendelea na ile mada ya hifadhidata, lakini itabidi isubiri. Juzi jioni nilikuwa kwa muuza mayai pasua hapa Kahawa Wendani, nikakutana na kijana mmoja ninayemfahamu, yuko mwaka wa nne, anasomea kompyuta. Akaniuliza, "Kaka, unaonaje nikilipia cheti cha Skramu Masta? Kila kazi inayotangazwa inataka Skramu." Nikamwambia pesa zake aziweke, na kama zinamwasha sana aongeze yai la pili. Akacheka. Nilipofika nyumbani nikaona jibu langu lilikuwa la dharau, na yeye alistahili jibu kamili. Jibu lenyewe ni hili.

Nimeandika programu kwa mshahara kwa miaka mitano, katika timu nne. Zote nne zilijigamba kwamba zinafanya kazi kwa Skramu. Nasema bila kuogopa: tatu kati yake zilikuwa zinaita rejista. Kama zile asubuhi za shule ya msingi, mwalimu na kalamu nyekundu, jina lako likitajwa unaitika, na aliyechelewa anasimama mlangoni.

Kwa wale ambao si wa kazi hii, nieleze kwa ufupi. Zamani (na katika ofisi nyingi hadi leo) programu ilijengwa kama nyumba. Mteja anaandika anachotaka, mnachora, mnajenga mwaka mzima, mwishowe mnampa funguo. Akiingia ndani ndipo anagundua kwamba jikoni iko mahali pa choo. Skramu inasema msingoje mwaka. Gaweni kazi katika vipindi vifupi vinavyoitwa sprinti, kila kimoja kisizidi mwezi, wengi huchukua wiki mbili. Mwisho wa kila sprinti lazima kuwe na kitu kinachofanya kazi. Kinawekwa mbele ya watu wanaohusika, wanakishika, wanasema, na mpango unabadilishwa kulingana na walichosema. Baada ya hapo timu inakaa na kujiuliza itafanyaje kazi vizuri zaidi. Mtu mmoja, mwenye bidhaa, ndiye anayeamua kipi kitangulie. Skramu Masta kazi yake ni kusaidia vikwazo viondoke na utaratibu ueleweke. Yeye si nyapara.

Jina limetoka kwenye raga. Wajapani wawili, Takeuchi na Nonaka, waliandika makala katika Harvard Business Review mwaka 1986 wakilinganisha timu zinazobuni bidhaa na timu ya raga inayosonga mbele kwa pamoja. Hawakuwa wakizungumzia programu, walikuwa wakiangalia kampuni kama Honda na Canon. Jeff Sutherland na Ken Schwaber wakalichukua wazo hilo, na mwaka 1995 wakawasilisha Skramu mbele ya wataalamu wa programu kule Austin, Texas. Sasa sisi wa huku raga tunaijua, majirani zetu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wana timu yao ya Blak Blad. Mmewahi kuona skramu ambapo mtu anasimama kando na daftari akimuuliza kila mchezaji jana alisukuma kiasi gani?

Basi niwasimulie rejista mojawapo. Kampuni ninayoikumbuka (sitaitaja) ilipata kandarasi ya kutengeneza mfumo wa akiba na mikopo kwa Sacco moja ya wakulima huku kwetu Kiambu. Miezi sita. Siku ya kwanza meneja akatangaza kwamba sisi ni timu ya Skramu. Kila asubuhi saa mbili unusu tulisimama mbele ya ubao, naye akaanza kushoto kwenda kulia. Jana ulifanya nini? Leo utafanya nini? Nini kinakuzuia? Kikao cha dakika 15 kilikuwa kinakula dakika 50. Sisi wa barabara ya Thika tulikuwa tunatoka nyumbani gizani, tusije tukaitwa jina tukiwa bado tumekwama Roysambu. Hakuna aliyezungumza na mwenzake pale, kila mtu alikuwa akizungumza na meneja. Na swali la tatu tulijifunza haraka kulijibu "hakuna", maana ukisema kuna kitu kinakuzuia, kesho yake wewe ndiye tatizo.

Halafu pointi. Kila kazi tuliipa pointi kukisia ugumu wake. Ni makisio tu, kama unavyokisia gunia hili ni zito kuliko lile bila mizani. Kufika mwezi wa tatu pointi zikaanza kujumlishwa kwa majina ya watu, na orodha ikawa inatumwa kwa barua pepe kila Ijumaa. Mwenzetu mmoja alikuwa wa mwisho kila mara. Ndiye tuliyekuwa tunamwita tukikwama. Seva ikianguka usiku, ni yeye. Majaribio ambayo hakuna aliyetaka kuyaandika, ni yeye. Kazi hizo hazikuwa na pointi. Mkataba wake ulipokwisha mwezi wa tano haukuongezwa. Sisi tuliobaki tukaelewa somo. Kazi ya pointi tatu ikaanza kuitwa ya pointi nane, na kumsaidia mwenzako ikawa hasara. Chati ilipanda vizuri sana jamani, ungeiona ungedhani tunaunda roketi.

Sprinti zilikuwa kumi na mbili. Kikao cha kuonyesha kazi kilifanyika mara mbili, mbele ya wakubwa, kwa picha za skrini kwenye projekta. Walipiga makofi.

Mwezi wa sita tukaupeleka mfumo kwenye tawi la Thika. Karani alikuwa mama mmoja ambaye amekaa dirishani pale miaka mingi. Mzee wa kwanza akaja kusajiliwa upya. Skrini ikataka barua pepe. Mzee hana, na sehemu hiyo ilikuwa ya lazima, huwezi kuendelea bila kuijaza. Mama akaweka barua pepe yake mwenyewe, mzee akapita. Wa pili naye hana. Akaweka yake tena, mfumo ukakataa: barua pepe hii imeshatumika. Akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, hawa wakulima wangu kuna mtu aliwauliza kama wana hiyo kitu?" Foleni ilikuwa imefika barabarani. Kabla ya saa sita mchana walikuwa wamerudi kwenye vitabu vyao.

Ingekuwa ni kufuta neno "lazima" tu, ningemaliza kabla chai haijapoa. Lakini tulikuwa tumeifanya barua pepe iwe ndiyo utambulisho wa mwanachama katika mfumo mzima: akiba zake, mikopo yake, wadhamini wake, vyote vimefungwa hapo. Kuhamia kwenye namba ya uanachama kulichukua wiki tano. Mama yule angeiona skrini hiyo mwisho wa sprinti ya kwanza, ingekuwa kazi ya nusu siku.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ilikuwa Thika. Mji huo huo ulishatufundisha jambo hili kabla hata sijamaliza shule ya msingi. Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone walianza majaribio ya M-PESA, na Thika ilikuwa moja ya sehemu walizochagua, pamoja na Mathare na katikati ya Nairobi. Mawakala wanane, wateja wasiozidi 500, kwa ushirikiano na Faulu Kenya. Mpango wenyewe, ambao ulipata fedha kutoka kwa mfuko wa serikali ya Uingereza, ulikuwa wa mikopo midogo: mwanakikundi apate mkopo wake kwa simu na aurudishe kwa simu.

Nick Hughes na Susie Lonie, walioiongoza kazi hiyo, walieleza mwaka 2007 kilichotokea. Watu waliifanyia mambo yao. Wengine waliwalipia wenzao mikopo ili nao watendewe jambo. Wenye biashara waliigeuza sefu ya usiku, kwa sababu benki hufungwa mapema kuliko duka la wakala. Wasafiri waliweka pesa upande mmoja na kuzitoa upande wa pili ili wasitembee nazo mfukoni. Wengine walinunua muda wa maongezi wakawatumia jamaa zao mashambani, ikawa ndiyo njia ya kuwapelekea pesa. Ile mikopo iliyokuwa kiini cha mpango ndiyo ikaleta tabu, maana anayelipa kwa simu haoni sababu ya kwenda kwenye mkutano wa kikundi, na vikundi hivyo vinaishi kwa mikutano.

Wangeweza kusema wateja wamekosea kutumia. Mpango ulikuwa umepitishwa, mfadhili alikuwa ametoa pesa. Badala yake wakageuza bidhaa. Tarehe 6 Machi 2007 M-PESA ilizinduliwa nchi nzima ikiwa huduma ya kutuma pesa nyumbani, na leo ina wateja zaidi ya milioni 30 hapa Kenya. Sisemi hiyo ilikuwa Skramu. Nasema walikitia kitu kidogo kinachofanya kazi mikononi mwa watu halisi, wakatazama, wakakubali walichokiona. Hicho ndicho kikao cha mwisho wa sprinti kinachotakiwa kufanya, na ndicho kikao ambacho ofisi zetu hukiahirisha kwanza. Cha asubuhi hakiahirishwi hata mvua inyeshe ya mawe.

Najua meneja atasema hivyo ndivyo Skramu inavyotaka. Hapana mkubwa. Mwongozo wa Skramu wa Sutherland na Schwaber, toleo la Novemba 2020, una kurasa 13 na unapatikana bure kwenye intaneti. Yale maswali matatu ya asubuhi hayamo tena, waliyaondoa. Kikao cha kila siku ni cha wanaoifanya kazi, wapange siku yao. Pointi hazimo kabisa. Ron Jeffries, mmoja wa wale 17 waliotia sahihi tamko la Ajaili mwaka 2001 kule Utah, amewahi kuandika kwamba huenda ni yeye aliyezibuni pointi, na kama ni yeye basi anajuta.

"Mteja hana muda." Hilo nalisikia kila mahali. Mkurugenzi wa mteja hana muda, ni kweli, lakini hata hatumhitaji huyo. Nataka karani, nusu saa kila wiki mbili, na karani huwa tayari kabisa kwa sababu ndiye atakayeteseka. "Kandarasi imeshasainiwa na kila kitu kimeorodheshwa." Sawa, na barua pepe ya lazima ilikuwa kwenye orodha hiyo, sasa nani alifaidika? Mteja alilipa, akangoja wiki tano nyingine, na kampuni ilizifanya wiki hizo bila malipo.

Tusijifanye malaika na sisi wasanidi. Ule mstari unaolazimisha barua pepe niliuandika mimi. Mama yangu mwenyewe hana barua pepe, na nilipokuwa nikiuandika nilimkumbuka. Nikasema moyoni, ndivyo ilivyoandikwa kwenye kazi, pointi mbili, nikaifunga kabla ya Ijumaa. Kukaa na mtumiaji kunatisha, na wengi wetu tulichagua kompyuta kwa sababu haikunji uso. Rejista ya asubuhi tunailalamikia, lakini inatukinga: ukisema "nimemaliza" mbele ya ubao, umemaliza. Mbele ya mama karani ungekuwa hujaanza.

Timu niliyomo sasa ina watu wanne, tunatengeneza mfumo wa maduka ya pembejeo za kilimo. Kila Alhamisi ya pili muuzaji mmoja wa duka anakuja kwetu au sisi tunaenda kwake. Anapewa simu na kazi moja, mfano kuuza dawa ya mahindi kwa deni. Aliyeiandika programu haruhusiwi kuongea wala kugusa simu. Hii sheria ni ngumu kuliko mnavyodhani, mara ya kwanza nilijikuta nimeuma kidole. Tunachokiona siku hiyo ndicho kinachoanza sprinti inayofuata, hata kama kilichopangwa kilikuwa kingine. Asubuhi tunaongea dakika tano, kumi, wenyewe kwa wenyewe.

Mkubwa wetu mwanzoni alinuna, akauliza atajuaje kama kazi inaendelea. Tukamwambia aje Alhamisi. Alikuja, akamwona muuzaji akiipita ripoti aliyotuagiza yeye mwenyewe bila hata kuifungua, akaifuta kwenye orodha papo hapo. Tulikuwa tumeitengea wiki tatu.

Kwa hiyo kijana wangu, kuhusu cheti: mwajiri akikulipia, kichukue. Kwa pesa zako za hosteli, hapana, soma zile kurasa 13 kwanza. Na Alhamisi ijayo tunaenda duka moja huko Makongeni, Thika. Njoo na daftari, ukae pembeni kimya utazame. Tunakutana stejini Wendani saa moja kamili, na nauli ya kwenda ni juu yangu.